Samaki wa ghuba ya Chwaka analishwa na mikoko au majani ya bahari? Naomba mwongozo kuhusu isotopu

MwanafunziUnguja

Habari za mida hii wadau. Niko masomoni, shahada ya pili mambo ya bahari, na utafiti wangu nataka kuufanya ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Swali langu ni la siku nyingi na huku kila mtu ana jibu lake: samaki wanaovuliwa mle ndani, hawa kina chaa, tasi, changu wadogo, chakula chao hasa kinaanzia wapi? Kwenye semina unaambiwa mikoko ndiyo inayowalisha, ukikata mkoko umekata kitoweo. Sasa ukienda ghubani maji yakitoka unaona wangwa, yaani tope na mchanga mtupu, na majani ya bahari yametandaa mpaka macho yanachoka, msitu wa mikoko uko kule upande wa kusini, unajiuliza hivi kweli jani la mkoko linafika mpaka huku au tunasema tu kwa sababu tulisikia?

Nimeanza kwa kupasua matumbo. Tasi hana shida, unakuta majani na mwani kabisa unaona kwa macho. Chaa ndio kazi, ukipasua unakuta uji wa kijivu, mchanga, vipande vya gamba, labda kiguu cha kaa, vingine huwezi hata kuvipa jina. Na hata nikijua amekula kaa, huyo kaa naye alikula nini?

Msimamizi wangu kasema nisome kuhusu isotopu thabiti za kaboni na naitrojeni. Nimesoma makala kadhaa ila nyingi zimeandikwa kama vile msomaji anajua tayari. Naomba mtu anieleze inafanyaje kazi, nichukue sampuli gani, na je kweli inaweza kutenganisha mkoko na majani ya bahari au nitatumia hela ya utafiti yote halafu nibaki na namba zisizosema kitu. Natanguliza shukrani.

---

MwalimuWaWangwa

Mkuu swali zuri, na nafurahi umeanza na swali, maana wengi wanaanza na mashine halafu ndio wanatafuta swali. Nitaeleza kwa kirefu kidogo uvumilie.

Kaboni iliyo thabiti ipo ya aina mbili, na aina hizo zinazotofautiana uzito ndizo isotopu. Kaboni-12 ndiyo karibu yote, asilimia 98.9 hivi, na kaboni-13 ambayo ni nzito kidogo ni kama asilimia 1.1. Naitrojeni hivyo hivyo, 14 ndiyo karibu yote, 15 haifiki hata nusu ya asilimia. Hazina mionzi, haziozi, ndo maana zinaitwa thabiti. Mmea ukivuta kaboni dayoksaidi unapendelea ile nyepesi, lakini mimea haipendelei kwa kiwango kimoja. Mkoko majani yake yako hewani na unatumia njia ile ya miti mingi, kwa hiyo kaboni-13 inabaki kidogo sana ndani ya jani, delta yake, yaani namba inayoonyesha kaboni-13 iko kiasi gani, utaikuta kwenye -27 hadi -30. Majani ya bahari yako chini ya maji, yanatumia mpaka bikaboneti iliyoyeyuka, na maji yakitulia kaboni inayolifikia jani ni chache, jani halina nafasi ya kuchagua linachukua kilichopo, ndiyo maana thamani yake iko juu, mara nyingi -10 hadi -15. Planktoni wa mimea wa baharini, vile vimea vidogo mno vinavyoelea majini, wanakaa katikati, -20 au -22 hivi. Hizo namba ni sehemu kwa elfu, na hasi maana yake ni kwamba kitu chako kina kaboni-13 pungufu ukilinganisha na kipimo cha kimataifa kinachoitwa VPDB, usije ukadhani ni kaboni iliyo chini ya sifuri.

Mnyama akila, nyama yake inabeba alama ya kaboni ya chakula, inapanda kidogo tu, 0 hadi 1 kwa kila ngazi ya mlo, yaani mmea, anayekula mmea, anayemla huyo. DeNiro na Epstein walionyesha hili mwaka 1978 kwa kulisha wanyama chakula ambacho alama yake wameshaipima, halafu 1981 wakaonyesha la naitrojeni. Naitrojeni yenyewe inapanda zaidi, wastani unaotumika sana ni 3.4 kwa ngazi, kwa sababu mwili unaitoa nje ile nyepesi kwenye taka zake na ile nzito inabaki. Kwa hiyo kaboni inakuonyesha chakula kimeanzia kwenye mmea gani, naitrojeni inakuonyesha samaki yuko ngazi ya ngapi. Na tofauti na utumbo ni hii: utumbo unasema alichomeza leo, hata kama hakikumsaidia kitu. Msuli unasema kilichomjenga kwa wiki na miezi iliyopita.

Sasa hilo la mikoko kulisha bahari. Lilipata nguvu sana kutoka Florida, Odum na Heald, kazi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Walisema majani yanaanguka, yanaoza, bakteria na kuvu wanayavamia, vidudu na kamba wanakula mabaki hayo, samaki wanakula kamba. Inaeleweka vizuri na dunia nzima ikaichukua. Isotopu zilipokuja zikaanza kuipunguza ukubwa. Rodelli na wenzake 1984 kule Malaysia walikuta wanyama wa ndani ya msitu wa mikoko wanabeba kaboni ya mkoko kweli, lakini ukitoka kuelekea bahari alama ile inapotea.

Na nikwambie kitu, ghuba yako imeshafanyiwa hii kazi. Blandina Lugendo na Ivan Nagelkerken na wenzao walitoa makala 2006 kuhusu Chwaka hiyo hiyo, utumbo pamoja na isotopu. Walikuta samaki wa aina moja wanakula vitu karibu vile vile popote wanapovuliwa, lakini alama ya kaboni inabadilika kwa mahali. Samaki wa mikokoni walikuwa chini kwa 6.9 kuliko samaki wa kwenye majani ya bahari, na vyakula vyao vilikuwa chini kwa 9.7. Samaki wa wangwani wakawa katikati. Halafu pamoja na hayo wakasema mkoko wenyewe na majani ya bahari yenyewe, kama chanzo cha kwanza cha kaboni, mchango wake kwa samaki ni mdogo.

Hapo ndipo nataka ukae ufikiri. Mkoko kuwa chakula na mkoko kuwa mahali pa kulia chakula ni mambo mawili, na semina zetu zinayachanganya. Kaa na kamba wadogo wanaoishi kwenye mizizi wanaweza kuwa wanakula mwani mdogo mdogo ulioota juu ya tope, samaki akawala hao, akanenepa mle mle mikokoni, na jani la mkoko lenyewe halikuingia mdomoni kwa mtu. Ukiukata msitu samaki huyo anakosa chakula pamoja na kwamba hakula mkoko hata siku moja. Kwa hiyo usirudie swali la 2006, lisogeze mbele.

---

Gazi254

Salaam kutoka upande wa Kwale, Kenya. Mwalimu amesema vyema, nataka kuongeza kitu kimoja ambacho kikikosekana hesabu yote inapotea.

Usichukue thamani ya majani ya bahari kutoka kwa makala ya mtu mwingine ukaiweka kwa hesabu zako. Hapa Gazi, kusini ya Mombasa, ghuba yetu inapokea mito, Kidogoweni na Mkurumudzi, na mikoko iko karibu sana na nyasi za baharini, ndio hayo majani ya bahari yenu. Hemminga na wenzake walichapisha 1994, walipima nyasi za aina moja kutoka karibu na mikoko wakielekea nje kwenye matumbawe na wakakuta kadiri unavyokaribia mikoko ndivyo nyasi zinavyokuwa na kaboni-13 pungufu. Nyasi hazijala mkoko, nyasi hazili. Ni kwamba majani ya mkoko yanaoza, yanatoa kaboni dayoksaidi nyepesi ndani ya maji, nyasi zinaitumia hiyo hiyo kujitengenezea chakula. Kwa hivyo mnyama akila nyasi za karibu na mikoko ataonekana kana kwamba amechanganya mkoko kidogo na ukweli ni kwamba hajaugusa. Mwani mdogo wa kwenye tope la mikokoni pia uko hivyo, unaishi kwa maji yenye kaboni ya mkoko.

Walikuta tena kwamba mabaki ya mikoko yanayotoka nje hayaendi mbali, yanatua kwenye nyasi za jirani, matumbawe hayapati kitu cha maana. Umbali mfupi sana. Hii naipenda kwa sababu watu walikuwa wanafikiria mikoko inalisha bahari nzima.

Kuna viumbe ambao wanakula jani lenyewe, hilo halina ubishi. Kaa wa mikokoni wanaoburuta majani shimoni, na yule konokono mkubwa mweusi mrefu, Terebralia. Ukikaa chini ya mkoko maji yakiwa yametoka utaona jani moja limeanguka, muda si muda konokono kumi wameshalizunguka wanalitafuna kutoka pembeni. Lakini hata huyo, akiwa mdogo hali majani, anakula tope la juu, akikua ndio anabadilisha. Sasa ukikusanya wadogo na wakubwa ukasaga pamoja ukapata wastani, umepata namba ya mnyama ambaye hayuko. Andika urefu wa kila mmoja.

Na huku kwetu hili jambo lina uzito wake, mikoko ya Gazi ilifyekwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, ikaja kupandwa tena kuanzia miaka ya 1990, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni inayohifadhiwa na msitu na pesa inarudi kwa kijiji, maji, shule. Watu wakiuliza je na samaki wamerudi kwa sababu ya mikoko, hatutaki kuwajibu kwa kubahatisha.

---

MvuviMarumbi

Assalam alaykum. Mimi si msomi wa hayo, mimi navua, na baba yangu kavua humo humo. Nimesoma mote mulimoandika na nimefahamu mengi kuliko nilivyotarajia, ahsanteni.

Nnalotaka kusema ni kuhusu maji. Nyinyi mnasema "mikokoni" kama pahala pamoja. Si pahala pamoja. Kuna mikoko ya ukingoni, maji yakipwa pale hapabaki kitu, tope tupu, samaki lazima atoke na maji, anaingia yakijaa anakaa saa chache anatoka. Na kuna mkondo mkubwa, Mapopwe, ule maji hayaishi hata siku ya bamvua, samaki anaweza kubaki mle usiku na mchana. Chaa wadogo wa mkondoni na chaa waliokuja na maji ukingoni si samaki wenye maisha mamoja hata kama wote umewatia wavu chini ya mkoko mmoja. Sasa ukija na wavu wako ukiwatia wote ndoo moja utajuaje nani kala wapi?

Na jengine, siku za bamvua maji yanaingia mpaka ndani kabisa ya mikandaa, siku za maji mafu hayafiki. Hiyo nayo isotopu inaijua?

---

MwalimuWaWangwa

Waalaykum salaam mzee wangu. Umesema jambo ambalo wanasayansi waliligundua kwa gharama. Makala nyingine ya Lugendo na wenzake, 2007, inalinganisha hayo hayo: mikoko ya mkondo unaobaki na maji na mikoko ya ukingoni inayokauka maji yakipwa. Samaki wa kwenye mkondo alama zao zilifanana na vyakula vya humo mikokoni, wale wa ukingoni alama zao zilielekea kwenye vyakula vya maeneo ya jirani. Yaani mkoko wa ukingoni wanautumia kujihifadhi na kupita, kula wanakula kwingine. Kwa hiyo @MwanafunziUnguja ukigawa vituo vyako vigawe kama alivyosema mzee, kwa maji yanavyobaki, usigawe kwa rangi ya ramani tu.

Kuhusu bamvua na maji mafu: msuli hauwezi kuona tofauti ya wiki hii na wiki ile, unachanganya yote. Ini linabadilika haraka zaidi kuliko msuli, so ukichukua vyote viwili kwa samaki mmoja unapata picha mbili, ya karibuni na ya zamani kidogo. Ini likisema mikoko na msuli ukisema majani ya bahari, huyo samaki amehamia juzi. Samaki wadogo wanaokua upesi hata msuli wao hubadilika upesi, kwa sababu nyama mpya inaizidi ya zamani. Kwenye makala ya 2006 waliwakuta baadhi ya chaa, changu, hata tasi, alama zao zimekaa katikati ya sehemu mbili za jirani, na wakasema inaweza kuwa wanakwenda na kurudi kila siku na maji au wamehama karibuni wakiwa wanakua. Msuli peke yake haukuweza kuamua kati ya hayo mawili. Mkuu, hapo ndipo pana kazi ya kwako.

---

MaabaraTu

Nimechelewa kuona uzi. Mimi upande wangu ni sampuli, nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika kabla hata hazijafika kwenye mashine so naandika haya kwa msisitizo.

Usitie samaki kwenye fomalini. Fomalini ina kaboni yake, inaingia kwenye nyama na delta yako inahama. Spiriti nayo inahamisha kwa sababu inatoa mafuta. Barafu ghubani, friza ukifika. Kama hakuna friza karibu kausha siku hiyo hiyo.

Kwa samaki, msuli mweupe wa mgongoni, chini ya pezi la juu. Unakata kipande kama kucha ya kidole gumba, unatoa ngozi yote na magamba na mwiba wowote, maana magamba na mifupa yana kaboneti ambayo haikutoka kwenye chakula, imetoka kwenye maji. Unasuuza kwa maji safi yaliyosafishwa, unaweka kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa 48 hivi mpaka kinavunjika kikavu. Halafu unasaga kwenye kinu kidogo cha maabara mpaka unga uwe laini kabisa, ukiupitisha kati ya vidole usisikie chembe. Baina ya sampuli na sampuli kinu unakifuta kwa spiriti na kukikausha, hili watu wanalipuuza wakichoka mchana na hapo ndipo tasi anapoingia kwenye changu. Mwisho unapima kwenye kikopo kidogo cha bati, kwa mnyama 0.5 hadi 1 miligramu, kwa mmea zaidi, 2 mpaka 4, kwa sababu mmea una naitrojeni kidogo. Kikopo kinakunjwa kwa koleo ndogo mpaka kiwe kidonge, kisiwe na ncha wala tundu.

Wanyama wadogo kama kaa wachanga na konokono ambao huwezi kuchuna nyama peke yake, na tope pia, lazima asidi ya haidrokloriki iliyochujuliwa kuondoa kaboneti, unatia tone tone mpaka mapovu yaishe. Ila asidi inaweza kugusa naitrojeni, kwa hiyo gawa sampuli mara mbili, iliyotiwa asidi upime kaboni, isiyotiwa upime naitrojeni. Ni gharama mara mbili, najua, lakini ndiyo njia.

Mafuta nayo. Mafuta yana kaboni-13 pungufu, samaki mnono ataonekana kala mkoko na ni mafuta yake tu. Angalia uwiano wa kaboni kwa naitrojeni unaoletwa na mashine, ukizidi 3.5 ujue mafuta yapo, ama uyatoe kwa kemikali ama utumie hesabu ya mtafiti Post na wenzake ya 2007: delta mpya ni delta ya zamani, toa 3.32, jumlisha 0.99 mara uwiano wako. Ini karibu siku zote lina mafuta, usilinganishe ini na msuli kabla ya kulisahihisha.

Kwa vyanzo: majani ya mkoko ya kijani NA yale ya manjano yaliyoanguka na yaliyoanza kuoza, kwa kila aina, mkoko, mchu, mkandaa, mlilana. Majani ya bahari kwangua kile kijani laini kilichoota juu yake kwa wembe, hicho ni chanzo kingine kabisa na mara nyingi ndicho wanyama wanachokila, kisage peke yake. Maji chuja kwenye karatasi ya nyuzi za kioo iliyochomwa kwanza nyuzi 450 saa kadhaa ili isiwe na kaboni yake. Na mwani wa juu ya tope, huo ni mgumu kuutenga lakini baada ya maelezo ya Mwalimu na Gazi254 nadhani unaona kwamba ukiukosa huo umekosa jibu.

Lebo kwa penseli, karatasi ndani ya mfuko na nyingine nje. Wino wa kalamu ukikutana na barafu iliyoyeyuka unafutika.

---

MwanafunziUnguja

Jamani sina la kusema, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Sasa nina mawili yamebaki yananisumbua.

La kwanza, hesabu. Tuseme samaki wangu anatoka -18 na mkoko -28 na majani ya bahari -12. Ni kweli nitasema amechanganya, sehemu kidogo mkoko na sehemu kubwa majani ya bahari? Au -18 hiyo hiyo ni mwani tu au planktoni kwa sehemu kubwa na wala hajagusa hivyo viwili?

La pili, naitrojeni. Upande huu kuna hoteli, kuna makaro ya nyumba, watu wengi chooni ni shimo na chini ni jiwe la matumbawe maji yanapita. Hiyo haitaharibu hesabu ya ngazi?

---

MwalimuWaWangwa

La kwanza umeligusa penyewe na ndilo linalowaangusha watu wengi, hata wenye makala zilizochapishwa. Kwa kaboni peke yake na vyanzo viwili unapata jibu moja. Kwa kaboni na naitrojeni pamoja unaweza kutenganisha vyanzo vitatu. Vikizidi hapo hakuna jibu moja, kuna majibu mengi yote yanakubaliana na namba zako. Phillips na Gregg walitoa programu ya IsoSource mwaka 2003 ambayo inaorodhesha michanganyiko yote inayowezekana badala ya kukupa mmoja wa uongo, na siku hizi watu wanatumia MixSIAR ndani ya R, ile programu ya takwimu, inafuata njia ya Bayes na inakupa uwezekano pamoja na upana wake. Lakini programu yoyote ukiipa vyanzo vitatu itakugawia asilimia mia kwenye hivyo vitatu, haiwezi kukwambia kuna cha nne umekisahau. Samaki wako wa -18 ukimpa mkoko na majani ya bahari tu, programu itampa mkoko hata kama hajawahi kuuona. Kabla ya kuendesha kitu chora mchoro, kaboni chini, naitrojeni pembeni, weka vyanzo vyote halafu weka samaki, ukiona samaki yuko nje ya eneo lililozungukwa na vyanzo ujue kuna kitu kimekosekana na usiendelee.

Ukiweza kupata hela ya salfa, ipate. Salfeti ya maji ya bahari ina delta ya +21 hivi, planktoni na mwani wanaoitumia wanakaa karibu na hapo. Ndani ya tope lisilo na hewa bakteria wanaigeuza kuwa salfaidi, ile yenye kunuka yai bovu, na hiyo iko chini zaidi sana. Mimea yenye mizizi kwenye tope inaonja hiyo salfaidi. Kwa hiyo viumbe wawili waliofanana kaboni unaweza kuwatenganisha kwa salfa. Kwa swali lako wewe naona salfa ina thamani kuliko kuongeza idadi ya samaki.

La naitrojeni, ndiyo, maji machafu yanapandisha. Amonia inapopotea hewani na bakteria wanapoondoa naitreti, nyepesi inaondoka kwanza, inayobaki ni nzito, mmea unaichukua, mnyama anairithi. Samaki wa karibu na karo anaweza kuonekana yuko ngazi ya juu na kumbe msingi wake ndio uliopanda. Dawa yake ni kupima msingi kila kituo, na usitumie mmea maana mmea unabadilika wiki kwa wiki, tumia mnyama anayeishi muda mrefu asiyehama, chaza au konokono. Huyo huyo Post, 2002, alifanya hivyo kwenye maziwa ya maji baridi. Mfano, chaza wa kituo hicho yuko 5 na tunajua yeye ni ngazi ya 2. Samaki wako 10.1. Toa 5, gawa kwa 3.4, unapata 1.5, jumlisha 2, samaki yuko 3.5. Kituo kingine chaza akiwa 7, samaki yule yule wa 10.1 anashuka kuwa karibu 2.9. Bila chaza ungesema samaki wote wawili wako sawa.

Na usiyaone makaro kama uchafu wa data. Ukipima mwani na chaza kutoka karibu na nyumba kuelekea nje unapata ramani ya maji machafu yanapofika, na hiyo watu wa Chwaka wanaihitaji pengine kuliko hata hilo la mikoko.

---

Gazi254

Naunga mkono la chaza. Pia pima misimu miwili, kusi na kaskazi, mvua ya masika inabadilisha maji kabisa. Nyinyi hamna mto lakini maji ya ardhini yanatoka.

---

MwanafunziUnguja

Nimeandika upya pendekezo lote. Aina tatu tu za samaki badala ya orodha ndefu niliyokuwa nayo: chaa, changu na tasi, wadogo na wakubwa mbalimbali. Vituo kwa jinsi maji yanavyobaki: mkondo wa Mapopwe, mikoko ya ukingoni, wangwa, majani ya bahari karibu na majani ya bahari mbali. Ini na msuli. Chaza au konokono kila kituo, na mwani wa tope hata kama itabidi nikae nao siku nzima. Salfa kwa baadhi. Kibali cha utafiti nimeshaanza kukifuatilia pamoja na cha kusafirisha sampuli nje, nimeambiwa nisisubiri mpaka nimalize kukusanya.

@MvuviMarumbi mzee wangu, kama utaniruhusu nitakuja Marumbi kabla ya kuanza, nataka unionyeshe pale ambapo maji hayaishi na pale yanapoisha, na nikusomee matokeo nikiyapata, uniambie yanalingana na unachokiona au la.

---

MvuviMarumbi

Karibu sana mwanangu. Njoo bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanatoka mbali na mkondo unaonekana wote ulivyo. Alfajiri tutakwenda kwa miguu. Samaki wa kupima usinunue sokoni, pale wanachanganywa wa ndani ya ghuba na wa nje ya mwamba hutajua yupi wa wapi, tutatega dema na wavu wenyewe. Barafu uje nayo kutoka mjini, huku kuipata asubuhi ile ni tabu. Na pita kwa sheha na kamati ya uvuvi kwanza, mimi nitawaeleza, lakini wapendelea kukusikia mwenyewe.